Sanduku la kaka yetu

Wiki iliyopita katika mkutano wa kikundi iliulizwa nani ana ushuhuda juu ya kuuza vitu kwa simu, na sisi dada watatu tulitazamana tukanyamaza. Tulinyamaza si kwa kukosa la kusema. Ni kwa sababu habari yetu inaanza na haya. Lakini tumekubaliana kuiandika, kwa kuwa wengi humu ni wajane na wengi zaidi ni mawifi wa wajane.

Kaka yetu alifariki Liège, Ubelgiji, sasa ni miaka miwili. Alikuwa mtoto wa tatu, mwanaume peke yake kati yetu. Mwaka 1994, akiwa na miaka 10, alipelekwa kule kwa shangazi yetu akasome, nasi tukabaki Bukavu. Aliacha mke na mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ana miaka 14.

Mwaka jana mwezi wa 3 wifi yetu alitutumia sauti kwa WhatsApp. Alisema: “Wifi zangu, nahama nyumba, hii kodi siiwezi tena. Chini ya nyumba nimekuta kartoni ya marehemu, imejaa michezo yake ya televisheni ya utotoni. Kuna mwanaume mmoja ananunua vitu vya zamani, amekuja kuona, anatoa euro 150 kwa yote. Sitaki kuuza kitu cha kaka yenu bila ninyi kujua. Mniambie.”

Sisi tulimjibu haraka: uza, mama, hivyo ni vitu vya watoto. Euro 150 kwa michezo ya plastiki iliyokaa kwenye unyevu! Tulimshukuru hata Mungu.

Jioni ile ile mtoto wa dada yetu wa katikati alisikia tukizungumza. Akashika simu yake akatuonyesha habari ya kweli kabisa: mwezi wa 7 mwaka 2021, huko Dallas Marekani, kaseti moja ya Super Mario 64 iliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Kaseti moja! Mwezi uliofuata nyingine, Super Mario Bros., ilifika milioni 2.

Usiku ule hatukulala. Na hapa ndipo haya yetu inapoanzia. Wazo la kwanza lililotuingia si “wifi yetu anataka kupunjwa.” Wazo la kwanza lilikuwa “wifi yetu anataka kutupunja.” Tulijiuliza mbona anatuuliza baada ya mnunuzi kuja, si kabla. Tukajiuliza kama kweli ni euro 150 au ni 1 500. Mkubwa wetu alisema maneno ambayo hatutayaandika. Asubuhi tulimwambia asiuze kitu chochote, na kwamba atupigie picha kila kaseti, mbele na nyuma, na kila kartoni pande zote. Tulimwomba kama polisi wa mpakani anavyoomba karatasi.

Alituma picha zote siku ile ile, usiku, baada ya kutoka kazini. Hakuuliza kwa nini.

Basi tukaanza kujifunza. Tulikuwa wanne: sisi watatu na mtoto wa dada yetu, na kule Liège mtoto wa kaka yetu. Wale watoto wawili hawakuwa wameonana hata siku moja, lakini ndani ya wiki moja walikuwa wakipigiana simu kama watu waliolala kitanda kimoja.

Jambo la kwanza walilotufundisha, mwanamke yeyote wa soko la Kadutu analijua bila shule: bei inayotajwa si bei. Ukiingia kwenye eBay, au kwenye 2ememain ya Wabelgiji, utaona mtu ameandika euro 400 kwa kaseti, na mwingine kwa kaseti ile ile ameandika 40. Wote wawili wanaota. Yule wa 400 kitu chake kinaweza kukaa hapo miaka mitatu. Lakini kwenye eBay kuna mahali pa kubonyeza ili uone vitu vilivyokwisha kuuzwa tu, kwa muda wa miezi kama mitatu iliyopita. Hapo ndipo unaona watu walitoa kiasi gani kweli mfukoni. Ni kama kumwuliza mama wa sambaza: usimwulize anauza bei gani saa moja asubuhi, mwulize ameuza bei gani saa kumi.

Kuna pia tovuti inayoitwa PriceCharting ambayo hukusanya bei hizo za mauzo na kuzipanga. Ni nzuri, ila mtu aiangalie kwa akili. Bei nyingi za pale ni za Marekani, na michezo ya Marekani si ya Ulaya. Kaseti ya Super Nintendo ya Marekani hata haiingii kwenye mashine ya Ulaya, umbo lake ni jingine. Tena mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa televisheni za kwao. Kwa hiyo mtoto wetu alipotaja bei ya kwanza kwa dola tukaruka kwa furaha, mwenzake wa Liège akatushusha: “Shangazi, hiyo ni ya Amerika. Yetu iko huku.” Kwenye lebo kuna namba ndogo, na herufi tatu za mwisho huonyesha kaseti iliuzwa wapi: FRA au FAH kwa wanaosoma Kifaransa, NOE kwa Wajerumani. Game Boy peke yake haina ubaguzi huo, kaseti ya nchi yoyote inacheza.

La pili tulilielewa kwa vikwembe. Wamama, mnajua wax ya Holland yenye yadi 6, haijakatwa, lebo bado imebandikwa, haiuzwi sawa na ile iliyokatwa vipande viwili, na ile iliyokatwa haiuzwi sawa na ile iliyoshonwa ikavaliwa kwenye harusi tatu. Michezo nayo iko vile vile. Kaseti peke yake, uchi, ni bei ya chini. Kaseti pamoja na kartoni yake na kitabu cha maelezo ni bei mara mbili, mara tatu, wakati mwingine zaidi. Na ile ambayo haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, plastiki yake bado juu, hiyo ndiyo ya Dallas. Ile ya milioni na nusu haikuwahi kuchezwa. Kulikuwa na watu maalum waliopewa kazi ya kuikagua na kuipa alama, ikapata 9,8 kwenye 10, ikafungiwa ndani ya sanduku la plastiki ngumu. Kaka yetu yeye alikuwa anacheza. Kwenye kaseti zake nyingine aliandika jina lake kwa kalamu ya wino usiotoka. Milioni zetu zilikufa siku ile ya kwanza ya masomo, na tukacheka wenyewe.

Sanduku lilikuwa na mashine moja ya Super Nintendo na vishikio viwili, Game Boy moja ya kijivu, na kaseti 29. Kati ya 29 hizo, mbili tu zilikuwa na kartoni.

Sasa ni hapa ambapo yule mnunuzi wa euro 150 anarudi. Wifi yetu alikumbuka kitu. Alisema yule mwanaume alipokuwa akipekua, alichukua kaseti za Mario akazisifu kwa sauti, akasema “hizi zinajulikana sana, ndiyo maana natoa bei hii.” Lakini kulikuwa na kartoni moja ambayo aliifungua, akatazama ndani, akaifunga, akaiweka kando bila kusema neno. Jina lake Terranigma.

Tuliangalia. Mario, kila nyumba Ulaya ilikuwa naye, basi yuko mwingi, basi bei yake ni ya wastani. Michezo ya mpira ya FIFA, ambayo mtoto wa Bukavu angeililia, haina bei kabisa, kwa sababu kila mwaka walitoa mpya na ya zamani ikatupwa. Lakini Terranigma ilitoka Ulaya mwishoni mwa mwaka 1996, wakati watu walikuwa wamekwisha kuhamia mashine mpya, na Marekani haikutolewa hata siku moja. Kwa hiyo ni chache, na hata Wamarekani wanaitafuta. Hiyo kartoni moja peke yake ilizidi zile euro 150 za sanduku zima.

Hatumwiti yule mwanaume mwizi. Angekwenda kuzijaribu, kuzisafisha, kuzipiga picha, kukaa nazo miezi, na zingine zisiuzike. Hiyo yote ni kazi, na kazi ina bei yake. Wanaonunua mahindi kijijini na kuyaleta mjini wanafanya hivyo hivyo na tunawasalimu. Ila tangu siku ile, mtu akija nyumbani kununua vitu vya marehemu, sisi tunaangalia kile anachokinyamazia.

Tuseme pia juu ya kaseti za uongo. Kati ya zile 29, moja ilikuwa Pokémon Or ambayo mtoto wa Liège aliishika tu mkononi akasema si ya kweli. Rangi ya lebo imepauka vibaya, plastiki nyepesi, na kwenye lebo hakuna zile namba mbili zilizogandamizwa kama kwa muhuri usio na wino, ambazo unaziona ukigeuza kaseti kwenye mwanga. Ukifungua ya kweli kwa bisibisi yake maalum, ndani utakuta jina la Nintendo limeandikwa kwenye ubao wa umeme. Ile yetu haikuwa na kitu. Wifi yetu aliuliza kama tungeweza kuiuza kwa bei ndogo na kunyamaza. Hatukumjibu haraka. Kisha wa mwisho wetu, ambaye aliwahi kuuziwa dawa ya uongo wakati mtoto wake ana homa, akasema hapana, na hapo maneno yakaisha. Ile kaseti iko kwenye droo.

Kuna jambo tulilizungumza jioni moja, la pembeni kidogo. Mtoto alitufungulia picha ya ndani ya mashine hizi za michezo, akatuonyesha vipande vidogo vidogo, akasema katika mashine nyingi za leo baadhi ya vipande vile vina tantali, inayotoka kwenye koltani. Sisi tuliokuwa wakubwa mwaka 2000 tunakumbuka jinsi bei ya koltani ilivyopanda ghafla, wanaume wakaacha mashamba na ng'ombe wakaenda kuchimba, na mwaka uliofuata ikaanguka vile vile ghafla. Kipindi kile kile ndipo dunia ilikuwa inapigania PlayStation 2 madukani. Hatukujua. Kaka yetu alikuwa na miaka 16 kule Liège, anaitamani mashine hiyo, nasi huku tunahesabu nani hajarudi kutoka machimboni. Tulifunga picha ile tukaendelea na lebo.

Kuuza kwenyewe kulikuwa na makosa. La kwanza ni letu sisi wa Bukavu, tuliomshauri wifi aondoe kale ka karatasi ka bei ya duka kwenye kartoni, ili kaonekane safi. Alikavuta kwa ukucha na ngozi ya kartoni ikatoka nayo. Baadaye tukasoma kwamba wengine wanakapenda kale ka karatasi, na kwamba usiposhauriwa, usiguse. Kusafisha ni vile vidole vya shaba vya kaseti tu, kwa pamba ya masikio na alkoli, polepole, na kuacha ikauke. Usipulize kwa mdomo, ingawa sote tulifikiri ndivyo dawa. Mate yanaleta kutu.

La pili liliuma zaidi. Ile kartoni nyingine, ya Zelda ya Super Nintendo, ilipata mnunuzi kwa euro 90. Wifi yetu aliiweka kwenye bahasha nene akaituma. Ilifika imepondeka kama imekaliwa. Mnunuzi alituma picha, na hakutukana. Alirudishiwa euro 40. Kosa lilikuwa letu: kinachouzwa hapo ni kartoni, si mchezo tu, na kartoni ya karatasi husafiri ndani ya kartoni nyingine ngumu, na katikati yake magazeti yaliyokunjwa mpaka ukiitikisa isisikike. Bei ya sanduku la kutumia na bei ya posta vihesabiwe kabla ya kusema ndiyo kwa mtu, si baada. Jukwaa nalo huchukua chake, au kutoka kwako au kutoka kwa mnunuzi: Vinted, kwa mfano, humtoza mnunuzi.

Baada ya hapo tuliweka utaratibu. Mtoto anajaribu kaseti, anapiga picha ya televisheni ikiwa imewaka. Anapiga picha ya lebo kwa karibu na ile namba iliyogandamizwa, ili mtu akirudisha kaseti tujue kama ni ile ile. Anaandika ubaya wote: jina limeandikwa kwa kalamu, kona imechanika, kitabu hakipo. Tuliogopa kwamba kusema ubaya kutapunguza bei. Kulipunguza maswali, zaidi ya yote. Bei tuliweka juu kidogo ya ile ya kawaida ya mauzo, kwa sababu Mbelgiji naye anaomba kupunguziwa, msidhani ni sisi tu. Mmoja alianza na euro 60 kwa Terranigma, akapanda hadi 120, akatuandikia kwamba kwa bei yetu hakuna mtu atakayenunua. Mkubwa wetu, ambaye ameuza mafuta ya mawese miaka 20, aliamuru wifi asijibu siku mbili. Siku ya tatu akaja mwingine akalipa 210. Michezo ya mpira na ya magari, zote 9, tuliifunga kifurushi kimoja kwa euro 20 ili itoke nyumbani.

Kwa wale wenye watoto Ulaya, jambo moja zaidi: majukwaa yale sasa yanatakiwa kutoa taarifa kwa watu wa kodi kuhusu muuzaji aliyefikisha mauzo 30 kwa mwaka au kuvuka euro 2 000. Kutolewa taarifa si kudaiwa kodi, hasa ukiuza vitu vyako vya nyumbani, lakini ni vizuri kuwa na hesabu yako kwenye daftari. Wifi yetu alikuwa nalo. Tutalirudia.

Iliyobaki ilikuwa Pokémon Rouge.

Hiyo ilikuwa kaseti nyekundu, peke yake bila kartoni, ya mwaka 1999. Mtu mmoja alikubali euro 35, kwa sharti moja. Ndani ya kaseti zile kuna betri ndogo ya mviringo iliyochomelewa, ambayo ndiyo inashika kumbukumbu ya mchezaji. Betri ikifa, ukizima mashine mchezo unasahau kila kitu. Mnunuzi alitaka iwekwe betri mpya, ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye chuma cha kuchomelea. Mtoto alisema sawa, akaiingiza kwenye Game Boy kwanza, apige picha kwamba inafanya kazi.

Betri ilikuwa bado hai. Zaidi ya miaka 20 na bado hai. Kwenye kioo kile kidogo ilitokea orodha: endelea, au anza upya. Akabonyeza endelea. Ikaandika jina la mchezaji: BUKAVU. Chini yake masaa aliyocheza, 143.

Mtoto alimpelekea mama yake, mama yake akatupigia, usiku kwetu, rezo ikikatika. Tulifikiri mtu amekufa tena. Alikuwa analia hasemi, kisha akaweka simu mbele ya kile kioo.

Ile michezo inakubali jina la herufi saba tu. Alikuwa na miaka 15, ana miaka mitano hajatuona, vita viwili vimepita hapa na simu hazipiti. Wangemwuliza jina lake na angeandika lake.

Ukitoa betri ya zamani, hata kwa sekunde chache, yote yanafutika. Masaa 143 yale hayarudi. Wifi yetu alituuliza tena, kama alivyotuuliza mwanzo: mniambie. Euro 35 ni karibu dola 40 kwetu, ni sehemu nzuri ya minervali ya mtoto mmoja. Hatukuchukua dakika moja kujibu. Mtoto alimwandikia mnunuzi kwamba haiuzwi tena, akaeleza sababu. Yule mtu akajibu kwamba na yeye anayo ya dada yake, na kwamba kipo kifaa cha kusoma kaseti na kunakili kumbukumbu yake kwenye kompyuta kabla betri haijachoka, akatuma jina la kifaa. Wakakiazima kwa rafiki, wakanakili. Game Boy nayo haikuuzwa, maana kaseti bila mashine ni nini.

Hesabu ilifungwa mwezi wa 8. Mauzo 20, jumla euro 575. Vifungashio na mkanda vilikula 34. Zilibaki 541. Wifi alitutumia picha ya daftari lake, ukurasa kwa ukurasa: tarehe, kitu, bei, nauli ya posta, hata ile 40 iliyorudishwa. Alikuwa ameanza kuandika tangu siku ya kwanza. Juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya bei yoyote, aliandika: “kwa ajili ya mashangazi.”

Mkubwa wetu alimpigia peke yake, bila sisi kujua, akamwomba msamaha. Wifi alimwambia: “Yaya, nilijua mlikuwa mnanihesabu. Ningekuwa ninyi ningefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana nilipiga picha za pande zote.”

Tulikuwa tumepanga, mwanzoni, kudai nusu. Tuliwahi hata kusema nusu hiyo tutainunulia nini. Humu kwetu tunajua jinsi familia zinavyoingia nyumba ya mjane siku ya tatu ya msiba na kutoka na friji. Sheria ya familia ya Congo inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, na robo inayobaki ndiyo wanagawana mke, wazazi na ndugu. Wangapi wetu tunaijua tunapokuwa upande wa mawifi? Sisi tulikuwa tumehudhuria mafundisho hayo mara mbili katika kikundi hiki hiki, tukapiga makofi.

Pesa ilibaki kule, kwa jina la mtoto. Wifi mwenyewe, bila kuombwa, alituma euro 100 kwa miwani ya mama yetu, ambaye sasa anasoma Zaburi bila kumwita mjukuu.

Na yule mtoto ameendelea na mchezo wa baba yake pale ulipoachwa. Mwezi uliopita alitupigia kutuuliza jambo. Katika mchezo ule kuna mpinzani, mvulana mwenye kiburi anayekufuata kila mji akikuchokoza, na mwisho kabisa, ukifika kileleni, unamkuta ndiye bingwa unayepaswa kumshinda. Naye pia mchezaji ndiye anayempa jina mwanzoni. Mtoto alitaka kujua ni nani huyo ambaye baba yake alimwandika.

Alikuwa amemwita YAYA.

Mkubwa wetu alinyang'anya simu. Akamwambia: “Ni mimi. Alikuwa hawezi kunishinda hata kwa mawe ya kibwe. Umefika wapi?”

“Bado, shangazi. Ananipiga kila mara.”

“Vizuri,” akasema. “Jaribu tena.”